Biti kali na kifua cha mchimbaji



Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, mama mmoja alinisubiri kwenye mlango wa upande wa wanawake, mtoto mgongoni, akaniomba dakika tano. Mumewe ni mchimbaji mdogo katika maduara ya dhahabu ya upande wa Nzega. Nilidhani amekuja kwa jambo la matunzo au la ada ya madrasa, maana hayo ndiyo yanayojaza daftari langu la ukatibu. Swali lake lilikuwa jingine kabisa.

"Ustadhi," alisema, "mume wangu anakohoa tangu Mfungo Sita. Nikimwambia apumzike, asema sasa wamenunua biti mpya za mashine, kali sana, na biti kali haitoi vumbi. Niambie wewe uliyesoma, ni kweli?"

Nilimwambia, "Dada yangu, sijui. Nipe wiki mbili." Chuoni nilifundishwa mirathi, fiqhi ya ibada na lugha ya Kiarabu, sikufundishwa ncha ya chuma hufanya nini ndani ya jiwe. Ila katika daftari letu la maziko, pale penye sababu ya kifo, nimeandika neno "kifua" mara nyingi kuliko nipendavyo, na baadhi ya familia zimeninong'oneza kuwa marehemu hakuumwa, bali alionewa kijicho kwa sababu ya dhahabu. Swali la mama huyu likanikaa. Najua pia kwamba nyumba yenye kikohozi hicho si moja, ndiyo maana jibu naliandika hapa badala ya kumpa yeye peke yake.

Nilianzia kwa fundi aliyetuchorongea kisima cha msikiti. Ni mzee ambaye ametoboa mwamba kuanzia Sikonge hadi Igunga, na babu yake alikuwa mhunzi wa Usumbwa. Msomaji kijana huenda hajui kuwa kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, wahunzi wa Usumbwa na Uzinza walilisha nusu ya nchi hii kwa majembe. Misafara iliyopita Unyanyembe kwenda Ujiji au kurudi pwani haikubeba pembe peke yake. Majembe ya chuma yaliuzwa katika soko la Tabora kwa makumi ya maelfu, yakalimia mashamba na yakaolea wake. Mzee huyu husema, kwa kiburi kidogo ninachomsamehe, kwamba bibi yake mwenyewe aliolewa kwa majembe, si kwa fedha za karatasi.

"Babu yangu alijua jambo moja," aliniambia. "Chuma ukikifanya kigumu mno kinavunjika. Ukikifanya laini kinapinda. Ufundi wote umo hapo katikati. Na hizi biti za leo ni hivyo hivyo."

Alimwaga mfuko wa biti kuukuu sakafuni, akaokota moja, kubwa kama ngumi ya mtoto. Mwili wake ni chuma cha pua, lakini usoni yamepachikwa meno ya mviringo, meusi yenye kung'aa, kila moja kama punje kubwa ya mahindi. Meno hayo si chuma. Ni unga wa madini ya tungsteni uliochanganywa na kaboni ukawa kitu kigumu sana kiitwacho kabaidi, kisha ukafungamanishwa kwa kobalti kama vile saruji inavyofungamanisha kokoto. Mchanganyiko huo hushindiliwa katika kalibu, ukapikwa kwenye joto la nyuzi 1,400 hivi, nao hunywea na kubana hata usibaki mwanya. Karl Schröter wa Berlin aliombea hataza ya jambo hilo mwaka 1923, na mwaka 1926 kampuni ya Krupp ikaanza kuuza bidhaa hiyo kwa jina la Widia, ambalo kwa Kijerumani lilifupisha maneno yenye maana ya "kama almasi".

Kwa nini isiwe chuma tu? Kwa sababu dhahabu yetu aghalabu hukaa ndani ya mawe meupe ya kwazi, na kwazi hukwaruza chuma. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10, kwazi ni 7 na chuma cha kawaida hakiifikii. Kabaidi hukaribia 9, na almasi ni 10. Waliochimba zamani kwa nyundo na moko walijua matokeo yake hata kama hawakujua namba: moko hupelekwa kwa mhunzi kunolewa jioni, na kesho adhuhuri limekuwa butu tena.

Hapa mhandisi wa biti hukutana na lile suala la babu wa fundi wetu. Kobalti ikiwa kidogo, kama asilimia 6, jino huwa gumu na haliliki upesi, lakini hupasuka likipigwa vibaya. Ikikaribia asilimia 15, jino huvumilia mapigo lakini huisha mapema. Hata umbo la jino lina hesabu yake. Jino la duara kama nusu ya mpira hufaa kwa mwamba mgumu unaosugua, kama itale yetu ya Tabora ambayo umri wake unapita miaka milioni 2,500. Jino lililochongoka kama risasi huenda mbio katika mwamba laini, ila katika itale huvunjika. Muuzaji wa dukani hakuelezi hayo. Atakuuzia lililopo.

Na hiyo kobalti yenyewe, sehemu kubwa ya inayochimbwa duniani leo hutoka Katanga, huko Kongo. Njia ya Katanga hatukuijua jana. Katika karne ya 19 Msiri, mtu wa Usumbwa, aliifuata kwa ajili ya shaba na pembe, akaanzisha ufalme wake wa Garenganze wenye makao Bunkeya, akatawala hadi alipouawa Desemba 1891. Kobalti ya nchi aliyoiendea yeye kwa miguu sasa huzunguka dunia nzima kabla ya kufika kwetu ikiwa imefungwa ndani ya jino la biti.

Nirudi kwenye vumbi. Fundi alichukua kipande cha itale akakiweka juu ya chuma, akakikandamiza kwa jeki ya lori. Hakikufanya kitu. Kisha akachukua kabari ndogo na nyundo, akakipiga pembeni mara tatu, kikapasuka vipande viwili. Jiwe lina nguvu nyingi sana likibanwa, lakini likivutwa ili liachane, nguvu yake haifiki hata sehemu ya kumi ya ile. Kila chombo cha kukata mwamba, tangu moko hadi mashine yenye ukubwa wa nyumba, huitumia siri hiyo. Jino la biti linapogonga, jiwe lililo chini yake moja kwa moja husagika kuwa unga. Unga huo uliobanwa husukuma pembeni, nyufa hukimbia kutoka humo, na vibanzi vya mwamba huruka. Vibanzi ndivyo kazi yenyewe. Unga ni hasara, maana nguvu iliyotumika kulisaga jiwe hadi likawa unga ilitosha kuvunja vibanzi vingi.

Basi mume wa yule mama hakusema uongo. Biti kali yenye meno yaliyosimama vizuri hutoa vibanzi vingi na unga mchache zaidi kwa kila sentimita ya tundu. Biti butu, iliyolika meno yakawa bapa, haipasui tena. Inasaga, inapata moto, inapiga kelele, na unga wake ni mwembamba kama poda ya mtoto. Wachorongaji wana kanuni: bapa ya jino ikifikia theluthi moja ya upana wake, biti itolewe ikanolewe. Katika mfuko wa fundi nilihesabu biti saba zilizopita kiasi hicho. Alicheka akasema zile alipewa na wachimbaji kama vyuma chakavu, na ya kwake huipeleka mapema kwa sababu mafuta ya kompresa ni ghali kuliko kunoa.

Lakini biti kali hupunguza unga tu, haiuondoi. Mashine ya mkononi hugonga takriban mara 2,000 kwa dakika, na kila pigo husaga kidogo. Unga huo hauwezi kubaki ndani ya tundu, kwani ungeikwamisha biti. Ni lazima utolewe. Utolewe kwa nini, hapo ndipo lilipo jibu la swali.

Fundi aligeuza biti akanionyesha tundu katikati ya uso wake, kipenyo cha penseli. Fimbo ya chuma inayoishika biti nayo ina tundu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Hii ni njia ya maji," alisema. "Waliotengeneza waliiweka kwa ajili ya maji. Kule kwenye maduara wanapitisha upepo wa kompresa." Upepo hupita katika fimbo, hufika chini ya meno, hubeba unga wote na kuurudisha juu kwa kasi, usoni mwa aliyeishika mashine, ndani ya shimo lenye upana usiozidi wa mlango, lisilo na dirisha.

Niliporudi nyumbani nilisoma zaidi, nikakuta kwamba kosa hilo lina umri. Karibu na mwaka 1897, fundi mmoja wa Colorado huko Marekani aitwaye John George Leyner alibuni mashine yenye fimbo yenye tundu, naye mwanzoni alipitisha upepo. Vumbi lilikuwa kubwa hata wachimbaji wakazikataa, mashine zikarudishwa. Akaibadili, akapitisha maji pamoja na upepo, na tangu hapo wengi wakamwiga. Mashine zilizochoronga mwamba mkavu katika zama zile wachimbaji walizipa jina ambalo kwa lugha yetu ni "mfanya wajane". Yaani kilichokataliwa na wachimbaji wa Colorado zaidi ya miaka 120 iliyopita ndicho kinachofanya kazi leo katika maduara yetu. Na si kwamba mashine ya siku hizi ni mbovu. Tundu lake la maji limo, ila mpira haujaunganishwa.

Kukataa kwenyewe hakukuwa kwa wote. Mwaka 1930 na 1931, huko Hawks Nest katika jimbo la West Virginia, lilichimbwa handaki la kupitisha maji ya umeme katika mwamba uliokuwa karibu wote ni silika. Walichoronga pakavu ili waende upesi. Mamia ya wafanyakazi, wengi wao watu weusi waliotoka majimbo ya kusini kutafuta kazi, walikufa kwa mapafu yao kugeuka kovu. Baadhi hawakumaliza hata mwaka mmoja.

Kwetu je? Utafiti uliofanywa katika migodi midogo ya dhahabu ya Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulipima vumbi la silika wanalovuta wanaochoronga chini ya ardhi. Wastani wake ulizidi mara 337 kiwango kilichopendekezwa na taasisi ya afya ya kazini ya Marekani. Namba hiyo niliisoma mara mbili nikidhani nukta imekosewa mahali pake. Watafiti hao hao walisema kuchoronga kwa maji kungepunguza sana hatari hiyo. Vumbi la silika hulijeruhi pafu polepole, jeraha likawa kovu lisilopona, na pafu lililojeruhiwa hivyo hushikwa na kifua kikuu kwa wepesi. Kifua kikuu hakibaki kwenye duara. Hurudi nyumbani jioni na kulala chumba kimoja na watoto.

Tabora ina fahari yake juu ya dhahabu. Mwaka 1916, Wajerumani walipozingirwa, walifua katika karakana ya reli hapa mjini sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye sura ya tembo, zaidi ya 16,000, kabla ya Wabelgiji kuuteka mji Septemba mwaka huo. Dhahabu yake ilitoka Sekenke, upande wa Iramba. Wakusanyaji duniani hushindania sarafu hizo hadi leo. Majina ya waliolivunja jiwe la Sekenke sijapata kuyaona mahali, wala vifua vyao viliishiaje.

Msomaji anaweza kuuliza kama mashine kubwa zingemaliza tatizo. Zipo zinazotoboa mwamba bila baruti. Mfano wa karibu ni handaki la maji la Murang'a nchini Kenya, kilomita 11.8, lililochimbwa ili kuongeza maji ya Nairobi. Mashine za namna hiyo kwa mwamba mgumu hazina meno kama biti yetu. Uso wake una magurudumu ya chuma kigumu yanayobiringika juu ya jiwe, kila moja likikandamizwa kwa uzito wa tani 25 hivi. Magurudumu mawili yanayopita jirani hupeleka nyufa zikakutana, na kati yao hubanduka ukoko wa jiwe mpana kama kiganja. James Robbins wa Marekani alilithibitisha hilo katika handaki la maji machafu la Toronto mwaka 1956, alipoziondoa ncha za kukwaruza zilizokuwa zikivunjika ovyo akabakiza magurudumu peke yake. Ni siri ile ile ya kabari, imekuzwa. Na hata huko hunyunyiziwa maji. Ila mashine hizo hazitashuka katika duara la mita 30 la wachimbaji wanane wa Nzega, na si haki kumwambia mama mwenye swali leo asubiri zishuke.

Nilipomrudia na majibu alikuja na mumewe. Nilifurahi, maana sikutaka kuwa mtu wa kumbebea mke ujumbe. Kijana huyo ana adabu na ni mbishi kwa kipimo kinachofaa. Alinisikiliza, kisha akasema, "Shida si kujua, Ustadhi. Maji tunanunua kwa dumu. Kiangazi hata ya kunywa ni vita. Nani atayamwaga kwenye jiwe?"

Sikuwa na jibu. Fundi alikuwa nalo. Mashine haihitaji mto, alisema. Ni lita chache kwa dakika, na ni wakati wa kuchoronga tu, si kutwa nzima. Maji yanayotoka na tope yakiachwa yatuame hutumika tena. Tena hawana haja ya pampu: pipa likikaa juu na duara likiwa na mita 30, uzito wa maji yenyewe katika mpira hutoa msukumo wa kutosha kuifikia biti. Kinachohitajika ni pipa, mpira mgumu, chujio na kiungo cha kufungia kwenye mashine.

Kijana alikaa kimya, kisha akauliza bei ya kiungo. Nilijua hapo kuwa ameelewa.

Kamati ilikutana siku ya Alhamisi. Nakiri kikao hakikuwa rahisi. Mjumbe mmoja alihoji kwa nini mfuko wa msikiti ununue vifaa vya mgodi wa mtu binafsi, ambaye akipata dhahabu hatugawii. Ni hoja ya haki, na niliiandika kwenye muhtasari kama alivyoisema. Mwishowe hatukutoa fedha ya mfuko. Tulitoa pipa la lita 200 lililobaki tulipojenga mahali pa kutawadhia, fundi akatoa kiungo, na mwenye duara akakubali kununua mpira baada ya kuambiwa kuwa biti inayopozwa kwa maji hudumu zaidi. Habari ya mapafu aliisikia kwa heshima. Habari ya biti ilimfanya atoe pochi.

Mama aliniuliza atajuaje kama kweli wanatumia maji, kwa kuwa yeye hashuki shimoni. Nilimwambia atazame nguo. Zikirudi na tope la kijivu, wanatumia. Zikirudi na unga unaopaa ukizikung'uta, hawatumii, na asizikung'ute ndani wala karibu na mtoto; azilowekee nje kwanza.

Wiki ya kwanza alinitumia ujumbe: tope. Wiki ya pili mpira ulipasuka kwenye kona ya ngazi, wakachoronga pakavu siku mbili wakingoja gari la Tabora, na nguo zikarudi na unga. Fundi amepeleka mpira mwingine jana, mnene zaidi. Kijana amekubali kwenda hospitali kupigwa picha ya kifua na kupima makohozi, akapanga Jumatatu, kisha akaahirisha hadi Jumatatu inayofuata kwa sababu wanakaribia mwamba wenye dhahabu. Mke wake ameniomba niwe naye siku hiyo, nami nimeiandika tarehe kwenye daftari.